Baba Zamzam, Nimebadilisha Betri

Mume wangu, Baba Zamzam,

Amani iwe juu yako huko ulikolala, na juu ya majirani zako wote wa upande huo. Sisi huku tupo. Dada yako Hawa hajambo, ingawa akijua nimekaa kukuandikia barua atasema eda imenivuruga akili. Acha aseme. Wewe ndiye uliyezoea kusikiliza maneno yangu yote mpaka mwisho, halafu unajibu neno moja. Leo hata hilo moja silipati, basi nitaongea mpaka nichoke.

Zamzam yuko nyumbani. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeliuliza kwanza. Amelala chumbani kwetu, upande wako wa kitanda, tumbo limeshuka, miguu imevimba kidogo, lakini anakula. Nilimleta jana kutoka Koboko. Nilimleta na gari lako, usukani nimeshika mwenyewe. Sasa tulia nikueleze, maana haikuwa rahisi.

Unakumbuka siku alipotupigia simu kutuambia ana mimba? Nilikuwa nachambua mchele. Ulininyang'anya simu mkononi, ukaanza kupiga kelele mpaka jirani akachungulia ukutani kuuliza kuna nini. Ukamwambia, "Mtoto ya kwanza nazaliwa kwa mama yake. Mimi mwenyewe nakuja chukua wewe na gari yangu. Hapana panda gari ya mutu, umesikia?" Zamzam akacheka, akasema amesikia. Nami nikacheka, nikakuambia mimba ndiyo kwanza changa, wewe tayari unatafuta ufunguo. Kabla mwezi haujaisha ukaanguka pale uani, karibu na bomba. Presha, walisema. Alasiri ya siku ile ile tukakuzika.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, na nguo yangu moja isiyo na rangi, sisimami na mwanamume wa kando, sipandishi sauti. Gari likabaki uani pale pale ulipoliegesha, pua imetazama lango, kama ulivyokuwa ukiliegesha siku zote ili likiitwa litoke bila kugeuzwa. Nililiona kupitia tundu la pazia. Nilikuwa nikiamka, kabla sijafungua macho vizuri, nalitazama hilo gari, halafu ndipo nakumbuka.

Sasa sikiliza walichokifanya watu wako.

Wa kwanza alikuwa yule mzee wa msikitini uliyekuwa ukimbeba kwenda maziko ya watu. Alimaliza dua, akanywa kahawa, akamwomba Hawa ufunguo. "Gari ya marehemu hapana wacha ilale kama yatima," akasema. Akaliwasha, likanguruma kidogo, akasema Mungu amrehemu, akalizima. Watu wote barazani wakaona amefanya jambo la maana sana. Siku iliyofuata wakaja madereva wenzako wa stendi, nao wakaliwasha. Halafu wale wa Maracha uliowabebea bibi harusi wao siku ile ya mvua. Halafu jamaa zako wa Koboko. Ikawa ndiyo desturi ya msiba wako: unatoa pole, unakunywa kahawa, unawasha gari la marehemu, unalizima, unakwenda zako. Hakuna aliyeliacha liwake hata muda wa kumaliza kikombe.

Na mimi niko ndani, najua. Si wewe ulinifundisha? Si wewe ulikuwa ukiwagombeza vijana wa stendi, "Washa zima, washa zima, hiyo naua betri polepole"? Ulinieleza kwamba stata ndiyo mlafi kuliko vyote ndani ya gari. Ikizungusha injini mara moja tu, imechota betri sana, na gari linataka kwenda safari ya haja ndipo oltaneta irudishe kilichochotwa. Ukiwasha na kuzima papo hapo, umechota na hukurudisha kitu. Na wao walikuwa wakichota kila siku, kwa heshima kubwa.

Nilimwita Hawa. Nikamwambia, wifi, waambie waliache, au waliendeshe mpaka Manibe na kurudi, lakini wasiwashe na kuzima, betri inakufa. Hawa akanitazama kwa huruma, kama ninayeweweseka. "Mama Zamu, wacha wanaume," akaniambia. "Hiyo ni heshima yao. Wewe iko ndani ya eda, hapana fikiria mambo ya gari." Ningefanya nini? Nitoke barazani na nguo ya eda nikawafundishe wazee mambo ya umeme?

Ila na mimi nina la kusema juu ya hilo. Kila lilipowaka, Baba Zamzam, niliacha kila kitu nikasikiliza. Ni sauti ile ile, ule mkwaruzo mdogo kabla halijashika, halafu lile vumo. Kwa muda ule mfupi nilikuwa naona umerudi, unaegesha, sasa hivi utaingia unauliza kama kuna chai. Halafu wanazima. Nilifiwa upya kila siku, na bado kesho yake nilikuwa nakaa karibu na dirisha nikingoja mgeni mwingine aombe ufunguo.

Nilisikia jinsi betri ilivyokwenda ikichoka. Mwanzoni stata ilikuwa inavuta kwa nguvu. Baadaye ikaanza kujikokota. Siku moja, jamaa mmoja kutoka upande wa mpakani aligeuza ufunguo, nikasikia tak, basi. Akageuza tena, tak. Mtu mmoja akasema, "Basi, na yenyewe imefuata mwenyewe." Wakaitikia kwamba kila kitu kina siku yake, wakanywa kahawa, wakaondoka. Mimi niliuma pindo la shuka nisilie kwa sauti.

Ile tak, unaijua. Sisi wawili tunaijua kuliko mtu yeyote wa nyumba hii, na hatukuwahi kuizungumza.

Leo nitaizungumza. Tulikuwa Koboko, bado vijana, Zamzam ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Wewe ulikuwa unauza nguo sokoni, hujui hata boneti inafunguliwa wapi. Uchungu ulinianza asubuhi, na jua lilipofika katikati nikajua huyu mtoto wa pili hakuwa anakuja vizuri. Ulikimbia kwa jirani mwenye gari, naye, Mungu amlipe, hakusita hata kidogo, aliacha chakula chake akaja. Mkanilaza kiti cha nyuma. Akageuza ufunguo. Tak. Akageuza tena. Tak.

Nakumbuka ulivyovua shati ukaanza kusukuma. Soko zima lilikuja kusukuma. Wanaume walitiririka jasho, wanahesabu moja mbili tatu, gari linakwenda, linakwenda, haliwaki. Hakuna aliyejua kwamba gari la otomatiki, kama lile, hata mkilisukuma mpaka Arua haliwaki. Wote walikuwa na nia njema. Nilikuwa naona nyuso zao kwenye kioo cha nyuma, na mpaka leo sina ubaya na hata mmoja wao. Lilipopatikana gari jingine, tukafika hospitali, mtoto wetu alikuwa amechoka. Hakulia. Ulimzika alasiri hiyo kwa mikono yako, Koboko, kwenye ile kona ya makaburi yenye mwarobaini mchanga.

Siku nyingi zilipita, nikakuona umeanza kukaa kwenye gereji badala ya sokoni. Watu wakanicheka, mumeo ana kichaa cha magari. Tukahamia Arua, ukajifunza kuendesha, ukapata gari, ukaanza kubeba watu kwa kukodiwa. Nami kwa muda mrefu niliamini ni kichaa cha magari kweli. Kila Ijumaa kabla ya kuoga kwa ajili ya sala unafungua boneti. Unachukua magadi yangu ya kupikia maharage, unayakoroga kwenye maji ya moto, unasugua vichwa vya betri kwa mswaki wa zamani mpaka ule unga mweupe wenye ukijani utoke wote. Unafuta, unapaka grisi. Unafungua vifuniko unachungulia ndani, unaongeza maji ya betri kidogo kidogo, yafunike zile sahani tu, yasifurike. Siku moja nilikuletea maji ya kisima, masafi kabisa, nikidhani nakusaidia. Ulivyonitazama! "Hapana, Mama Zamu. Hii inaua. Maji ya betri tu." Nilinuna siku nzima. Nilikuambia hujawahi kunitunza mimi hivyo, na ukasema ukinipaka grisi nitakubali? Mshenzi wewe.

Halafu ile tabia yako nyingine, iliyokuwa ikiwaudhi hata wateja. Ukienda kumchukua mama mwenye uchungu, huzimi injini. Hata kama anavaa, hata kama wanatafuta mabeseni na kanga, hata kama mama mkwe anasali rakaa zake kwanza, gari linanguruma nje. Anguyo, rafiki yako wa Ediofe, yule fundi wa umeme wa magari mliyekuwa mkibishana naye habari za timu ya Onduparaka mpaka chai inapoa, alikuuliza siku moja hapa hapa barazani, "Wewe, betri yako iko mpya. Kwa nini hapana zima?" Nilikuwa namimina chai. Ulijibu, "Betri mimi naamini. Siku ile mimi hapana amini." Anguyo hakuelewa siku gani. Nilielewa mimi, na chai ikamwagika kwenye sinia.

Na tukienda Koboko kuwasalimu jamaa, ulikuwa unapita makaburini. Unasimamisha gari, unashusha kioo, unamsalimu mwanao ukiwa umekaa hapo hapo kwenye usukani, injini inawaka. Miaka yote hiyo hukushuka hata mara moja. Sikukulaumu. Nilikuwa nasalimu kutoka upande wangu, tunaondoka.

Basi ndiyo maana, eda ilipokwisha na mimba ya Zamzam imefika mwezi wa nane, nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Sikutaka mwanangu azalie Koboko. Koboko haina ubaya, hospitali ipo na watu wema wapo, na wakwe zake wanampenda. Ubaya uko kwangu. Kila nilipofikiria uchungu umempata kule, nilikuwa nasikia tak. Na yeye alikuwa amekataa katakata kupanda gari lolote jingine. Mumewe aliahidi kukodi zuri, lenye kiyoyozi. Zamzam akaniambia kwenye simu, "Mama, Baba alisema gari yake. Mimi nangoja gari ya Baba. Kama hakuna, mimi nazaa hapa hapa." Ukaidi huo sijui kautoa wapi, usiniulize.

Hawa naye akapandisha hasira. "Mwanamke ametoka eda juzi, nashika usukani naenda Koboko? Watu watasema nini?" Nikamwambia watu waliosema heshima ni kuwasha na kuzima, wamekwisha kusema vya kutosha. Alikasirika, na haki yake. Lakini jioni alikuja na ufunguo, akauweka mezani mbele yangu bila neno. Wewe unamjua dada yako. Kwake hiyo ni hotuba nzima.

Nikamwita Anguyo. Alikuja na nyaya zake za kubusti, za kuazima umeme wa gari jingine, na kile kipimo cha kioo chenye kielea ndani. Alivuta maji kutoka chumba kimoja cha betri mpaka kingine, na kwenye kimoja kielea kilizama kabisa, dalili kwamba asidi imekwisha nguvu. Alileta chaja akaichaji pale pale ndani ya gari, ikakaa siku moja, ikalala tena. Akafuta mikono. "Mama Zamu, hii imekufa. Mimi naweza busti sasa hivi, injini inawaka, wewe nafika Koboko. Lakini ikizima njiani na mtoto iko ndani, mimi hapana jua." Nikamwambia marehemu hakuwahi kumbeba mama mjamzito na gari la kubusti, sitaanza mimi na mwanangu mwenyewe. Anguyo akainamisha kichwa. Akasema, "Sasa mimi naelewa siku gani." Nadhani kuna mtu wa Koboko alimweleza wakati wa msiba wako. Alilia pale kwenye boneti, mtu mzima. Nami nikalia. Tulikuwa hatujakulilia pamoja, kwa sababu ya eda.

Dukani nilikwenda mwenyewe, Anguyo nyuma yangu. Kabla sijatoka nilipima kwa kamba kile kikalio cha betri, urefu na upana, na kimo mpaka kwenye boneti, isije ikagusa chuma juu. Nikatazama kichwa cha chanya kiko upande gani, maana uliniambia ukikosea hilo waya haufiki, na ukiulazimisha utachoma gari. Muuzaji, kijana mwenye adabu, aliniletea moja inayong'aa kama sufuria ya harusi. Niligeuza nikatafuta tarehe iliyogongwa ubavuni. Ilikuwa imekaa sana, na rafu yenyewe iko dirishani, jua la Arua linaipiga kila mchana. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema joto ndilo linalokula betri kabla hata haijafungwa kwenye gari. Nikamwomba ile ya nyuma, kwenye kivuli, ya juzijuzi, isiyotiwa asidi bado. Akaniuliza, "Mama, iko dereva?" Nikamwambia ni mke wa dereva. Akasema nikingoja kidogo tu ataitia asidi na kuichaji haraka niondoke nayo. Nikamwambia hapana, iache ichajiwe polepole mpaka kesho, na kesho nitakuja uiwashie taa kubwa mbele yangu nione kama inafifia. Anguyo alikuwa anatabasamu pembeni. Bei tukaelewana.

Muuzaji alitaka ile ya zamani, kama ilivyo kawaida, wanayeyusha madini yake ya risasi. Sikuwa tayari, Baba Zamzam. Nilijua ni plastiki na maji makali tu, lakini ni wewe uliyeifunga. Ilipofika kesho yake nikaamua nitaifungua kwa mkono wangu, ndipo niitoe. Waya mweusi unatoka kwanza, unaingia mwisho, ulivyonifundisha. Nikalegeza ule mshipi wa chuma unaoishikilia betri, nikainua. Uzito wake! Na ilipotoka, pembeni nikaona kipande cha mpira wa buluu kimechomekwa kati ya betri na kikalio, kama kabari. Nikakivuta. Kina maua meupe.

Ndala yangu! Ndala yangu ya kushoto niliyoitafuta nyumba nzima, nikamtukana mbwa wa jirani mpaka tukakosana na mwenye mbwa! Na wewe umesimama unaniangalia, unasema, "Eh, hii mbwa iko mubaya kweli." Nikapima tena kwa kamba, nikaelewa. Betri uliyonunua ilikuwa ndogo kuliko kikalio chake. Wewe, mwalimu wangu, uliyenifanya nikariri urefu, upana na kimo, ulinunua betri isiyokaa, ukaona haya kuirudisha, ukaiba ndala yangu ukaikata! Nilicheka. Nilikaa chini pale uani, karibu na bomba, pale pale ulipoanguka, nikacheka mpaka Hawa akatoka mbio akidhani nimepagawa. Nikamwonyesha. Akakitazama kile kipande cha ndala, akaanza na yeye. Tangu ufe nyumba hii ilikuwa haijasikia kicheko.

Betri mpya imekaa sawasawa, haihitaji kabari. Nilichomeka kipande cha ndala hata hivyo, pembeni, pale kilipokuwa. Nikafunga mshipi, nikafunga waya mwekundu, nikamalizia mweusi, nikapaka grisi. Ufunguo ulipogeuka lilishika mara moja. Hawa alikuwa amesimama mlangoni, kashika kanga mdomoni. Safari hii sikuzima. Niliingia barabarani nikalitembeza muda mrefu, na niliporudi nikawaambia wote waliokuwa barazani, kwa sauti yangu mwenyewe, nimesimama mbele yao: "Anayempenda marehemu asiwashe gari lake kwa kumkumbuka. Amwombee dua, gari aliache." Yule mzee wa msikitini alikuwepo. Aliinamisha macho, kisha akasema, "Kumbe sisi ndiyo naua hii kitu." Nikamwambia, mzee wangu, ulikuwa unamsalimu, najua, na mimi nilikuwa nasikiliza.

Jana, baada ya sala ya alfajiri, nikaondoka. Barabara ni nzuri, usiwe na wasiwasi. Nilikwenda polepole mpaka nilipopita Maracha, kisha nikazoea. Nilimkuta Zamzam amekaa nje kwa mkwewe na begi lake tayari. Alipoona gari hakuja kwangu. Alikwenda kwanza kwenye gari, akaweka mkono juu ya boneti moto, akakaa hivyo. Sikumwita. Tulikunywa chai, tukaagana na watu, tukamfunga mkanda chini ya tumbo.

Nikamwambia tupite makaburini. Nilisimama pale ulipokuwa ukisimama wewe. Ule mwarobaini sasa ni mti kweli, una kivuli. Zamzam akashusha kioo, akanyoosha shingo kumsalimu ndugu yake, kama tulivyomzoesha. Nami mkono wangu ulikuwa kwenye ufunguo. Baba Zamzam, niliogopa. Mwanangu kwenye kiti, mjukuu wako tumboni, Koboko, na jua linapanda kwenda kule kule lilikokuwa siku ile. Nilikuwa na kila sababu ya kufanya kama ulivyofanya wewe miaka yote.

Nikazima.

"Mama, umezima?" Zamzam akashtuka.

"Nimezima. Shuka, tukamsalimu mdogo wako vizuri."

Tulishuka. Nilimshika mkono kwa sababu ya mawe. Kaburi lake ni dogo sana, nilikuwa nimesahau udogo wake. Nilikaa chini kwenye udongo kwa mara ya kwanza tangu umzike. Niling'oa majani. Nilimwambia baba yake amekuja upande wake sasa, asimwogope kwa ukimya, ndivyo alivyo. Nilimwambia hakuna aliyemwacha, soko zima lilimsukuma. Zamzam alikuwa hajawahi kusikia kisa hicho, na alikisikiliza pale pale, kiganja tumboni. Hatukuharakishwa na kitu. Hakukuwa na injini inayotuita.

Tuliporudi garini nilisema bismillahi, nikageuza. Likawaka, Baba Zamzam. Likawaka kabla sijamaliza kuogopa. Zamzam alilia njia nzima mpaka Arua, nami nilimwacha alie, nikaendesha.

Naandika haya alasiri, mlango uko wazi, nasikia anavyopumua akiwa amelala. Nimekukumbuka sana leo. Sina maneno ya kulipamba hilo. Nyumba ni kubwa bila wewe, na chai nazidi kupika ya watu wawili. Mkunga ameshakuja kumtazama, amesema mtoto amekaa vizuri na siku ziko karibu. Mabeseni yapo, kanga zipo. Gari liko uani, nimeliegesha kama ulivyokuwa ukiliegesha, pua kwenye lango. Jana nilisugua vile vichwa kwa magadi yangu, havina unga hata chembe, nilitaka tu kufanya kitu ulichokuwa ukifanya.

Makaburi ulikolala hayako mbali na barabara ya hospitali. Asubuhi moja ukisikia vumo unalolijua linapita bila haraka, usihangaike, lala. Ni mimi na Zamzam, na tuna muda.

Mungu akupe nafasi na nuru hapo ulipo, mwizi wangu wa ndala.

Mkeo,
Mama Zamzam